Aliyetajwa Mbwaa

Kambini, kisiwani
6 Machi 1955

Mama Mukiri mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, hofu yangu ni juu yenu. Usishangae nikikuandikia Kiswahili kana kwamba wewe ni mgeni kwangu. Ndiyo amri: barua moja kwa mwezi, ukurasa mmoja, na iwe Kiswahili au Kiingereza ili waisome kabla yako. Kimeru hawakijui, kwa hiyo kimekatazwa.

Nimehamishwa tena. Tulipanda gari moshi tukiwa na pingu wawili wawili, kisha lori, kisha mashua iliyotutapisha sote, watu wa milimani tusiojua hata kuogelea. Jina la kisiwa hiki siruhusiwi kuliandika. Ni joto, ni mchanga, na miti imesimama ndani ya maji ya chumvi. Maji ya kunywa tunapimiwa kwa kopo.

Nina ujumbe kwa baba yangu, nawe umwambie polepole, akiwa ameketi. Unaijua ile hadithi yake ambayo ameisimulia mpaka wewe mwenyewe unaweza kuimalizia: kwamba sisi Wameru hatukuanzia mlimani, tulitoka kisiwani, mahali paitwapo Mbwaa. Kwamba tulikuwa watumwa wa watu wenye nguo nyekundu, Nguo Ntuni, hadi siku wazee wetu walipotoroka na maji yakagawanyika wakapita. Nilipokuwa nikifundisha darasa la nne niliwaambia watoto kuwa hayo ni masimulizi tu.

Basi juzi tukikata vichaka, mzee mmoja wa hapa aitwaye Lali, mlinzi wa magofu ya mji wa kale uliokuwa kisiwani, alinyoosha mkono kaskazini akataja jina la pembe ile. Nilimwomba alirudie. Ni Mbwaa, Mama Mukiri, au ni jina linalokaribia sana Mbwaa. Wazee walitoroka hapa. Mimi nimerudishwa kwa pingu.

Mtoto hajambo? Na ndugu yako Riungu yuko wapi? Tangu nishikwe sijapata habari zake. Nisalimie wote.

Mumeo,
Thuranira


Kijijini, Meru
17 Aprili 1955

Baba Mukiri,

Barua yako nimeipokea. Karani wa chifu aliisoma kwanza mbele ya watu, ndipo akanipa. Mistari miwili ilikuwa imepakwa wino mweusi. Sijui uliandika nini hapo, na usirudie kuandika.

Nyumba yetu ya juu haipo. Tulipewa asubuhi moja kutoa vyombo, wakaichoma pamoja na ghala. Sasa tunakaa kijijini, nyumba zimebanana mpaka jirani akikohoa unamjibu pole. Kuna handaki pande zote na miti iliyochongwa ncha ndani yake. Asubuhi tunakwenda kulima matuta ya serikali, jioni tunapewa saa moja ya kuchota maji na kutafuta chakula, kisha lango linafungwa. Mukiri hajambo, ila amekuwa mkimya.

Baba nilimwambia akiwa ameketi, kama ulivyosema. Aliposikia neno Mbwaa alisimama bila fimbo. Akasema, "Kumbe nilikuwa sisemi uongo." Akaketi tena, akalia, halafu akacheka, halafu akaniuliza kama nina hakika ulisema Mbwaa. Nikamsomea mara nne.

Sasa jikaze. Umeniuliza habari za Riungu. Ndugu yangu hayuko tena. Alishikwa na kichomi mwezi wa pili akiwa huko Timau, akafariki, wakamzika huko huko. Mama amelia mpaka sauti imekwisha. Gadi, wale askari wa chifu, walikuwa wakija kumtafuta, sasa hawaji. Chifu ameandika jina lake katika buku la waliokufa.

Mungu ametaka. Usiulize tena habari zake, inatuumiza.

Mkeo,
Kiende


Kambini, kisiwani
12 Juni 1955

Mama Mukiri,

Siku mbili sikula. Wenzangu walidhani ni ugonjwa. Wewe ulimpoteza ndugu, mimi nimempoteza mtu niliyetahiriwa naye msimu mmoja, tukaugulia kibanda kimoja, na aliyenisemea kwenu nilipoona haya kusema mwenyewe. Sitauliza tena, kama ulivyoomba. Mpe mama pole yangu.

Hapa hali ni ile ile. Kila wiki naitwa mbele ya meza. Afisa hapigi kelele. Ananipa kiti, ananiambia, "Mwalimu, wewe ni mtu wa kitabu, huna kazi hapa. Nitajie aliyekulisha kiapo cha uasi, jina moja tu, nitakupeleka karibu na kwenu." Mimi namwambia sikumbuki. Ananiambia nirudi nikakumbuke.

Sasa tunapelekwa kusafisha ule mji wa kale. Mwambie baba ni mji kweli: msikiti wa mawe usio na paa, nyumba zenye vishubaka ukutani, ukuta mrefu kuuzunguka. Mzungu mmoja mtaalamu anachimba na kuchekecha udongo kama akina mama wanavyopepeta wimbi. Kila anachopata anakiweka katika nyumba ya makumbusho karibu na gati, yenye kabati za vioo, na wageni huja kwa mashua kutazama. Ametafuta mtu mwenye mwandiko mzuri amwandikie vikaratasi vya kuweka kando ya kila kitu. Wamenitaja mimi. Kwa hiyo nitaingia mle.

Muulize baba anataka nimtazamie nini.

Mumeo,
Thuranira


Kijijini, Meru
21 Agosti 1955

Baba Mukiri,

Ninaandika na baba ameketi hapa, ananihimiza niandike haraka kana kwamba posta itafungwa. Anakohoa kidogo, baridi ya kijijini, usiwe na wasiwasi. Haya ni maneno yake nami sikuongeza:

"Mwanangu, usiniletee habari za bakuli na nyumba za mawe, hizo ni za wenye nguo nyekundu. Nitafutie mambo mawili. La kwanza, shimo. Walitutupia tunda ndani ya shimo jembamba wakasema tulitoe bila kulichoma na bila kuchimba, la sivyo tunauawa. Tukalijaza maji, tunda likaelea. Shimo halihami. Lazima lipo. La pili, nitafutie kitu chetu. Chochote. Watu hawawezi kukaa mahali miaka mingi hivyo wasiache hata kijiti."

Amesema pia wewe ndiye wa kwanza kurudi na usitoke mikono mitupu.

Jana wanawake wawili walianguka kwenye matuta kwa njaa. Mimi naendelea. Dada yako wa Kiritiri alituletea mtama na mbuzi mmoja, mbuzi akachukuliwa langoni. Mtama uliingia.

Mkeo,
Kiende


Kambini, kisiwani
13 Novemba 1955

Mama Mukiri,

Mtaalamu amenipa karatasi ya ziada kwa ajili ya kazi yangu, na amenisemea ipite. Kwa hiyo leo nina kurasa mbili. Huu wa kwanza ni wako, usimsomee baba. Wa pili ni wake.

Nimeingia nyumba ya makumbusho siku kumi na nne. Ni vyumba viwili vilivyopakwa chokaa. Chumba cha kwanza kina vigae vya bakuli kutoka China, shanga za rangi, sarafu za shaba nyembamba kama ganda la kitunguu. Cha pili kina taa za udongo, vijiti vya wanja walivyopakia wanawake, kitana, kinu, nanga, na jiwe lenye maandishi ya Kiarabu lililotoka kaburini. Kila kitu kina namba. Mimi naandika: "Bakuli, limevunjika." "Kijiti cha wanja, cha mwanamke tajiri." Ukutani kuna ubao mkubwa unaoeleza jinsi watu wa mji huu walivyokula, walivyosali, walivyofanya biashara na nchi za mbali, na kwamba siku moja waliuacha mji, pengine kwa kuwa maji ya visima yaliingia chumvi. Ni watu waliokuwa na akili, nami sikuwa nikijua. Nilifundisha miaka sita bila kujua.

Lakini nilitafuta alivyosema baba. Nilitazama kila kabati, nikafungua hata masanduku ya vitu visivyo na namba. Mwishoni nikamuuliza Mzee Lali, "Mzee wangu, wale waliowatumikia watu hawa, vitu vyao viko wapi?"

Alikuwa akifagia. Akasimama. "Mwanangu," akasema, "mtumwa ana kitu gani cha kuweka kabatini? Alikula kwenye jani. Alilala chini. Jani limeoza na chini ni hapo unapokanyaga."

"Na shimo?"

"Mashimo ni mengi. Lipi?"

Nilimsimulia habari ya tunda. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akasema kwao hawana hadithi hiyo. Hawana hadithi yoyote ya watu waliotoroka. Mama Mukiri, sisi tumewakumbuka vizazi kwa vizazi, wao hawakutukumbuka hata siku moja.

Jumamosi walikuja wageni, maafisa na wake zao. Niliamriwa nisimame pembeni ikiwa kikaratasi kitahitaji kurekebishwa. Walitazama shanga, walitazama kitana. Mama mmoja aliponifikia alimuuliza mwenyeji wao, "Na huyu naye ni wa hapa?" Wakacheka wote, wakapita chumba cha pili.

Nimekaa na karatasi ya baba siku tatu. Nimeandika nilichoandika. Usinihukumu.

Thuranira


Baba yangu mpendwa,

Nimelipata shimo. Liko nyuma ya ukuta wa mashariki, jembamba, mkono wa mtu mzima haufiki chini. Kando yake kuna jiwe, na kwenye jiwe imekatwa alama ile ile tunayokata masikio ya mbuzi wa mbari yetu, mikato miwili na mmoja. Niliweka kiganja changu juu yake. Mtaalamu hajui maana yake, nami sikumwambia. Ni yetu.

Mwanao,
Thuranira


Kijijini, Meru
15 Januari 1956

Baba Mukiri,

Nilimsomea baba ukurasa wake. Amefurahi sana. Hasemi mengi siku hizi, lakini amefurahi. Anakusalimu na anasema anakungoja umsimulie mwenyewe kwa mdomo, maana karatasi haijibu maswali. Kila barua ikija ananiuliza, "Anakuja lini?"

Nakuandikia haya ili ujue una mtu anayekungoja. Sote tunakungoja. Wenzako wawili wa tarafa hii wamerudishwa. Mmoja amekuwa kama mti uliokauka, haongei na mkewe. Wewe usiwe hivyo. Kula kila unachopewa. Fikiri habari za baba, ukifikiri habari zake utapata nguvu.

Mukiri ameng'oka meno mawili ya mbele.

Mkeo,
Kiende


Kambini, kisiwani
18 Machi 1956

Mke wangu mpenzi,

Nakuja nyumbani.

Keti chini usome vizuri. Barua yako ilinifanyia kitu. Nililala nikimwona baba akiuliza, "Anakuja lini?" na kila asubuhi niliamka nikiwa mkosaji. Miezi kumi na sita nimesema sikumbuki. Nikajiuliza namlinda nani. Yule niliyekuwa nikimlinda amekwisha pumzika, hakuna pingu inayomfikia, hakuna meza atakayoitwa mbele yake. Jina lake halina tena mtu ndani yake. Na baba yangu yu hai, ni mzee, na anangoja.

Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda mwenyewe mbele ya meza nikasema, "Nimekumbuka." Nilimtaja Riungu. Nilieleza nyumba, siku, mbuzi aliyechinjwa, kila kitu kama kilivyokuwa. Afisa aliandika kurasa tatu, akanipa chai yenye maziwa. Sikuwa nimeonja maziwa tangu Meru. Nililia juu ya kikombe, nikamwomba Riungu msamaha moyoni, nami najua yeye angeniambia, "Mjinga wee, ungesema mapema."

Nahamishwa Embu, kambi ya kazi. Wanasema nikikaa vizuri, baada ya miezi michache naletwa kwa chifu wetu. Embu, Mama Mukiri! Mlima nitauona upande wa pili.

Mwambie baba ajiandae. Nitamweleza habari za shimo mpaka achoke. Na siku moja, nikiwa karibu naye, nitamwambia na ukweli wake.

Mumeo,
Thuranira


Meru
29 Aprili 1956

Thuranira,

Barua hii haikupita kwa karani. Anaileta Mohamud, yule Msomali mwenye lori la ngozi pale mjini. Ana mtu wake kambini kwenu Embu. Ukimaliza kuisoma ichome.

Riungu hakufa mwezi ule. Alikuwa amejificha Timau, kwenye shamba la ngano, akiwa na kipande, kitambulisho cha mtu mwingine, akiitwa Kithinji. Uliuliza habari zake ndani ya barua ambayo karani aliisoma kwa sauti mbele ya watu. Gadi wawili walikuwepo. Wote wakanitazama mimi. Ningesema nini? Ningesema sijui, wangenipeleka kunihoji, na najua wanavyohoji wanawake. Nikasema amekufa. Niliporudi nyumbani nikamwambia mama alie, na mama akalia vizuri kwa sababu alikuwa na mengi ya kumliza. Halafu ikabidi nikuandikie wewe hivyo hivyo, maana barua yangu nayo ingesomwa. Niliona nikikuambia amekufa nimewalinda ninyi wawili. Niliona ni akili.

Wiki mbili baada ya Pasaka Bwana DO, mkuu wa tarafa, alikuja kijijini na karatasi iliyotoka kambini kwenu. Akaniuliza ndugu yangu alizikwa wapi. Nikasema Timau. Akasema, "Twende ukanionyeshe kaburi." Wakanipakia kwenye gari, mimi na askari wanne. Njia nzima nilikuwa nafikiri kaburi, kaburi, nitalitoa wapi kaburi. Kule ni baridi na ni ngano tupu mpaka macho yanachoka. Nikaona tuta la udongo karibu na ua wa shamba nikasema ni lile. Wakawaita wafanyakazi wa shamba waje na majembe. Wakachimba. Walichimba mpaka kifuani mwa mtu na hapakuwa na kitu ila mawe.

Askari mmoja akaanza kunipiga kwa kitako cha bunduki. Mgongoni kwanza. Nilianguka karibu na shimo. Thuranira, Riungu alikuwa miongoni mwa wale waliokuwa wakichimba. Alikuwa ameshika jembe tangu mwanzo, kofia imeshuka usoni, anachimba kaburi lake mwenyewe. Mimi nilimwona tangu tulipofika na nilikuwa nikitazama pembeni. Lakini walipofika kichwani kwangu akatupa jembe akasema, "Mwacheni dada yangu. Riungu ni mimi."

Hawakumpiga hata. Walifurahi.

Kortini walisoma kurasa zako tatu. Niliruhusiwa kukaa nyuma. Nyumba, siku, mbuzi. Karani wa korti alisoma na jina lako chini yake. Riungu alinitafuta kwa macho akaniuliza kwa midomo, bila sauti, "Aliambiwa nimekufa?" Nikaitikia kwa kichwa. Naye akatikisa kichwa, kama mtu aliyeelewa hesabu iliyokuwa ikimsumbua. Wamemhukumu kunyongwa.

La pili. Baba yako alifariki tarehe mbili mwezi wa tisa mwaka jana. Ile barua ya shimo ilipofika alikuwa amekwisha kuzikwa miezi mitatu. Niliusoma ukurasa wake kwa sauti peke yangu, nimeketi mahali alipokuwa akilala. Yeye ndiye aliyekataza uambiwe. Alisema, "Akisikia nimekufa hatakuwa na sababu ya kutoka." Nikamtii. Nikakuandikia anakungoja.

Basi mfu nilimfanya hai, na aliye hai nikamfanya mfu, na wewe kule ukaamini yote mawili kwa kuwa ni mimi niliyesema. Nimejaribu kukuchukia nikashindwa, halafu nikajaribu kutokuchukia, nikashindwa pia.

Kiende


Kambi ya Embu
20 Mei 1956

Mama Mukiri,

Sijaichoma. Nitaichoma kesho. Jibu hili analichukua mtu wa Mohamud.

Asubuhi ile ile niliyoipata nilikwenda kwa mkuu wa kambi nikamwambia kurasa zile ni uongo, nilizitunga ili nitolewe kisiwani. Akaniuliza kama nilipigwa nilipoandika. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nilipewa chai. Nikasema ndiyo. Akasema, "Sasa unataka korti iamini lipi?" Nikamwambia basi anirudishe kisiwani, aninyonge mimi. Aliniambia sheria haifanyi kazi hivyo, na kwamba nina homa, nipumzike siku moja.

Nimeandika kwa korti barua nne. Sijui zinafika wapi. Mwenzangu mmoja hapa, Kivuti wa Mbeere, alikuwa karani wa korti, ananisaidia maneno ya sheria. Jana aliniomba tuache. Anasema hukumu kama hizi hazirudi.

Sitasema kwamba sikujua. Wewe unajua sikujua, na haimsaidii mtu. Nitasema tu kwamba nilipomtaja nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linanila. Ningekuwa nimepigwa nikamtaja nikilia, ningeweza kulibeba. Mimi nilimtaja nikiwa na furaha, nikinywa maziwa.

Jumapili ya mwisho ya kila mwezi jamaa wanaruhusiwa kuja mpaka kwenye ua wa waya. Njoo, Kiende. Sikuombi msamaha. Nataka tu nikuone, uniambie yote mbele ya macho yangu, hata kama ni matusi. Baba sikumzika. Na Riungu...

Njoo.

Thuranira


Kijijini, Meru
5 Agosti 1956

Thuranira,

Barua hii nayo anaileta Mohamud. Walimnyonga Alhamisi ya tarehe kumi na tisa Julai. Tuliambiwa Jumamosi. Mwili hawatupi, na mahali walipomweka hawasemi. Mama hakulia. Anakaa na mikono mapajani. Nikimpa uji anakunywa, nisipompa haombi.

Jumapili ya mwisho ya mwezi ule ule nilikuja Embu. Ulikuwa hujui, kwa hiyo nakuambia. Nilipata ruhusa ya siku mbili kwa kusema nampeleka mama hospitali, na Mohamud akanichukua mbele ya lori lake. Njia nzima nilikuwa na neno moja, nikilirudia nisije nikalisahau: kosa si lako peke yako. Nilitaka kukuambia hilo tu, kisha nirudi.

Nilisimama kwenye waya pamoja na wanawake wengine. Mlikuwa mnabeba mchanga kwa karai. Nilikujua kwa mwendo, maana uso ulikuwa umebadilika, mashavu yameingia na nywele zimekuwa za kijivu, nawe huna miaka thelathini na tano. Ulipita karibu na mimi kama kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye jiko. Ulitazama wanawake waliokuwa kwenye waya, mmoja mmoja, ukinitafuta. Ulinitazama. Ukapita kwa yule wa pili.

Sikukulaumu. Nimejiona kwenye kioo cha lori. Lakini nilingoja urudi na karai tupu, nikasema akinitazama mara ya pili nitamwita. Ulirudi. Ulikuwa ukitazama chini. Mdomo wangu ulifunguka na jina halikutoka. Ndilo jina lile lililosomwa kortini, chini ya kurasa tatu, na nilipotaka kuliita nilisikia sauti ya karani. Mara ya tatu ulipopita nilikuwa nimekwisha kugeuka naelekea kwenye lori.

Ukiachiliwa, omba upelekwe Kiritiri kwa dada yako. Usije hapa. Si kwamba nimeapa. Ni kwamba mke wa Riungu na watoto wake watatu sasa wanalala nyumbani kwangu, hawana pengine. Mkubwa wao aliniuliza juzi, tukiwa tunakula, ni nani aliyemtaja baba yake. Nikamwambia sijui, vita ina watu wengi.

Mukiri alikuwa ameketi pale akipukuchua mahindi. Hakuinua kichwa. Jioni nilipokwenda kutazama chini ya kitanda, kwenye kijisanduku ninamoweka barua zako, nilikuta zimepangwa vizuri kwa tarehe, jinsi nisivyoziacha mimi. Mwalimu wake anasema hakuna mtoto darasani anayesoma kama yeye.

Hajaniuliza chochote. Ameacha kulitumia jina lako kwenye daftari. Anaandika Mukiri, basi.

Usiniandikie tena.

Kiende